Kicheko cha Bungoma

Nasike alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi siku ile. Alijua ataulizwa ukoo wake, kanisa lake, na kama anaweza kupika mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Alijua pia kwamba mama wa mchumba wake, Ngari, huenda asimchangamkie, kwa maana Ngari mwenyewe alikuwa amemwonya: "Mama si mtu wa maneno mengi. Halafu kuna msichana wa kanisani kwetu ambaye Mama amekuwa akimsifu kila Jumapili." Yote hayo aliyatafakari njiani kutoka kwao Kamukuywa hadi Kiminini, kikapu cha ndizi mbivu magotini, na akajiambia kwamba kwa ajili ya Ngari angeyavumilia.

Ila hakuwa amejiandaa kumkuta ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa ukutani, juu ya kabati la vyombo, katika fremu ya mbao iliyopanguswa vumbi asubuhi ile ile. Ulikuwa mchoro wa wino mweusi. Masikio yake yalining'inia kama ya mbuzi, miguu ilikuwa mifupi kuliko mwili, na macho yalimtazama mgeni kwa huzuni ya mtu aliyesahauliwa msibani. Nasike alisimama katikati ya sebule, mkono wa Ngari ukiwa bado begani mwake, akahisi damu ikimpanda usoni.

Alimjua ng'ombe yule. Majuma mawili yaliyopita, mjini Bungoma, alimwonyesha mbele ya ukumbi uliojaa walimu, nao wakacheka mpaka wengine wakatoa vitambaa kufuta machozi.

"Umeipenda?" Mary Ann, dada mdogo wa Ngari, alimuuliza akipokea kikapu. "Ni mama alichora. Iko mpaka kwa kitabu ya baba. Ngari hajakuambia baba ni mwandishi?"

Nasike alimgeukia Ngari. Ngari alikuwa anatazama sakafu.

"Hajaniambia," akasema.

Basi ni vyema tueleze yaliyotokea Bungoma. Nasike alifundisha sayansi na kilimo katika chuo kimoja cha ualimu huko Kitale, na Ngari alifundisha hesabu katika chuo kingine Bungoma. Walikutana mwaka uliotangulia, 2008, walimu wa vyuo kadhaa walipoanza kukutana wakati wa likizo ili kuyapanga masomo yao upya. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Badala ya kumlazimisha mwanafunzi kununua vitabu asivyoweza kuvinunua, wangetumia masomo huria, yaani yale ambayo walimu wa kwingine duniani wameyaandika na kuyaweka kwenye mtandao bure, kila mtu akiwa na ruhusa ya kuyachukua, kuyabadilisha na kuyachapisha, mradi ataje jina la aliyeyaandika. Nasike na Ngari walipangiwa kompyuta moja. Mtandao ulikuwa wa kujikokota, na ukurasa mmoja ulipokuwa ukifunguka watu wawili waliweza kuzungumza mambo mengi sana. Walizungumza. Na siku moja, ukurasa ukiwa umekwama nusu, Ngari alimwambia kwamba hana haraka hata kidogo, na Nasike akajua kuwa hazungumzii ukurasa.

Nasike aliuchukulia mpango ule kama dini. Darasani kwake wanafunzi wanane waligawana kitabu kimoja cha kilimo, cha mwandishi aitwaye J. W. Ngige, kikuukuu, kimeshonwa kwa uzi. Kilikuwa na makosa ya wakati wake na mengine ambayo hakuna wakati ungeyavumilia. Zamu yake ilipofika ya kueleza kwa nini kitabu kile kiondolewe, aliumulika ukurasa wa ng'ombe ukutani kwa projekta. Angeweza kueleza makosa na kuketi. Lakini wasikilizaji walikuwa wamechoka baada ya chakula cha mchana, Ngari alikuwa safu ya mbele akimtazama, na Nasike alitaka aonekane mwerevu. Akawachekesha. Alipoona wamecheka, akaongeza. Na Ngari, alikumbuka sasa akiwa pale sebuleni, Ngari alikuwa amecheka pia.

Kazini Ngari alijulikana kama Ian Ngari tu, bila jina la Ngige. Angejuaje?

"Karibu, mami. Keti," sauti ikasema mlangoni. Mzee Wahome Ngige, baba yake Ngari, aliingia akiwa amevaa koti la suti na tai, kana kwamba anaenda kufungua mkutano. Alikuwa mrefu kama mwanawe, ila mabega yalikuwa yameinama kidogo. Alimshika Nasike mkono kwa mikono yake miwili. "Nimefurahi kwamba wewe ni mwalimu. Mimi pia nilikuwa mwalimu wa vyuo. Ngari amekueleza?"

"Kidogo tu, Baba," Nasike alisema, na huo ukawa uongo wake wa kwanza katika nyumba ile.

Mama Kabura, mama yake Ngari, alileta chakula. Hakutabasamu, lakini alimwekea Nasike paja la kuku, na Mary Ann akamkonyeza Nasike kumwonyesha kwamba hilo si jambo dogo. Mzee aliomba, wakaanza kula. Kwa muda yalizungumzwa ya mvua na mahindi, ambayo yalikuwa yameanza kutoa ndevu pale Kiminini. Nasike alijibu alichoulizwa. Macho yake aliyaweka kwenye sahani, kwa sababu kila alipoyainua yalikwenda ukutani.

Kisha Mzee akapangusa midomo.

"Mukhisa, mkuu wa idara huko Bungoma kwa Ngari, alikuwa mwanafunzi wangu," akaanza. "Alinipigia simu juzi. Akaniambia kitabu changu mmekiondoa. Alisema ni heri nisikie kwake kuliko nisikie sokoni. Nikamshukuru."

Mzee akakikunja kitambaa chake.

"Kuondolewa si kitu. Kila kitabu kina siku zake. Lakini akaniambia pia kuwa watu walicheka. Nikamuuliza walicheka nini, hakutaka kusema. Ngari, si wewe ulikuwa huko?"

"Nilikuwa, Baba."

"Walicheka nini?"

Ngari alikunywa maji. Chini ya meza mguu wake uliugusa wa Nasike, ukaubonyeza. "Sikumbuki vizuri. Ni maneno tu ya mikutano, Baba. Watu wakikaa sana kwa ukumbi wanacheka kila kitu."

"Nani aliyesema?"

"Walikuwa wengi."

Mzee alitikisa kichwa polepole, akarudi kwenye chakula chake. Mama Kabura alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Nasike, na hakuyaondoa macho haraka.

Nasike aliweka kijiko chini. Akasema anaomba kunawa mikono. Kulikuwa na jagi na beseni pale pale mlangoni, kila mtu aliviona, lakini alitoka nje kabisa, akapita jikoni, akaenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi. Ngari alimfuata.

"Nasike."

"Ulijua."

"Nisikize kwanza."

"Ulikuwa umekaa mbele yangu. Ulijua ni kitabu ya nani, na ukaniacha niendelee. Halafu ukacheka."

"Wote walicheka."

"Hao wengine si baba yao." Akaishusha sauti kwa sababu dirisha la jikoni lilikuwa wazi. "Mimi nilifanya ujinga, hilo nimekubali. Lakini nilifanya bila kujua. Wewe ungeinua mkono tu. Ungesema, jamani, huyo ni mzee wangu. Ningekaa chini siku hiyo hiyo."

Ngari aliegemea ukuta wa mbao. Uso wake, ambao Nasike alikuwa ameuzoea ukiwa na utani kila wakati, ulikuwa umekunjamana kama wa mtoto aliyechapwa.

"Unajua nilisoma na hiyo kitabu?" akasema. "Ilikuwa mpaka kwa shule, kila mtu akijua ni ya baba. Walikuwa wananiita mtoto wa ng'ombe. Nikiingia darasani wanalia mooo. Nikaomba kwenda shule ya mbali. Nikaacha kutumia jina lake, nikabaki na Ian Ngari. Ulipoweka hiyo picha ukutani nilisikia kama ni shule tena. Na wewe ulikuwa unanitazama. Niliona aibu, Nasike. Singeweza kusimama niseme huyo ni babangu. Nikacheka ndiyo nisijulikane."

"Ulimwonea aibu."

"Ndiyo." Ilimtoka kwa shida. "Na usiku huo sikulala, kwa sababu nilijua nimemcheka mtu aliyenilipia karo kwa hicho kitabu. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho ikapita. Nikaogopa ukijua hutakuja kwetu."

"Na leo? Ulitaka nikule kuku ya mama yako nikinyamaza?"

"Leo tu. Tumalize leo, wakuzoee. Tutawaambia baadaye. Ama tusiwaambie kabisa, si Mukhisa hakutaja jina? Hakuna mtu atajua."

Nasike alimpenda mwanamume huyu. Alipenda vidole vyake virefu vyenye vumbi la chaki, alipenda anavyoinamisha kichwa akisikiliza. Na hapo, nyuma ya ghala, alimwonea aibu kama vile yeye alivyomwonea babake, na kuigundua aibu hiyo moyoni mwake kulimwumiza kuliko kosa lenyewe.

"Mimi nitajua," akasema. "Kila nikiingia hii nyumba nitaona hiyo picha. Mama yako ataniita binti yangu, na mimi nitakuwa najua nilisema nini."

"Atakukataa. Humjui. Tayari anasema wasichana wa huko kwenu ni wa mdomo."

"Basi si ameniona vizuri."

Alimpita. Ngari alinyoosha mkono kumzuia, ukamgusa kiwiko, kisha akauacha ukaanguka.

Sebuleni Mary Ann alikuwa akimimina chai. Nasike hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti alichokuwa amekikalia, akashika mgongo wake kwa mikono yote miwili.

"Baba, uliuliza nani aliyesema Bungoma. Ni mimi."

Birika la Mary Ann lilibaki hewani.

"Sikujua ni kitabu chako. Lakini hata kama kingekuwa cha mtu mwingine, haikuwa lazima nimcheke. Nimekuja kuomba msamaha. Wewe na Mama."

Mzee Wahome alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Ngari alikuwa ameingia na kusimama mlangoni, hayuko ndani wala nje.

"Ulisema nini?" Mzee akauliza.

"Baba?"

"Maneno yenyewe. Nimekaa siku hizi zote nikiyabuni kichwani. Niambie vile ulivyosema, niyajue."

Nasike alitamani amwambie kwamba amesahau. Alikuwa anayakumbuka yote, hata mahali alipotua ili wacheke.

"Nilionyesha picha ya ng'ombe," akaanza. Sauti yake ilisikika nyembamba, kama ya mwanafunzi. "Nikasema... imechorwa na mtu ambaye alielezwa ng'ombe kwa simu."

Hakuna aliyecheka. Mama Kabura alikuwa amekunja mikono kifuani, akitazama nje ya dirisha.

"Endelea," Mzee akasema.

"Halafu nikafungua mahali pa dawa za kunyunyizia nyanya. Kitabu kinasema mwanafunzi anuse mchanganyiko ndiyo ajue kama una nguvu. Nikasema... nikasema labda mwandishi alianza kwa kunusa, halafu ndipo akaandika."

Maneno yale, ambayo Bungoma yalikuwa yamempa makofi, yalianguka juu ya meza kati ya sahani na mifupa ya kuku, yakabaki pale. Nasike alihisi machozi yakimjaa. Hakuyafuta. Aliona kwamba kuyafuta kungekuwa kama kuomba kuhurumiwa, na hakustahili.

Mama Kabura ndiye aliyezungumza kwanza, bila kugeuka.

"Hiyo picha nilichora nikiwa na mimba ya huyu." Alimwonyesha Ngari kwa kidevu. "Kitabu ilikuwa imemalizwa, picha hakuna. Mchoraji hatukuwa naye. Nilikaa kwa boma asubuhi mzima, ng'ombe anakataa kusimama. Nilijua haijatoka vizuri. Mimi si mchoraji. Lakini Baba Ngari aliiweka kwa kitabu na akaandika jina yangu chini. Mpaka leo hakuna mtu mwingine amewahi andika jina yangu mahali."

"Nisamehe, Mama."

"Nimesikia." Alianza kukusanya sahani. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alitoka nazo jikoni, na Mary Ann akamfuata.

Mzee alimwonyesha Nasike kiti. Akaketi. Alitarajia kugombezwa, akakaza mwili. Lakini mzee alipoinua macho hayakuwa na hasira, na hilo likawa gumu zaidi kulitazama.

"Hayo ya kunusa," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu aliyeumia?"

"Sijui, Baba."

"Kwa vyuo hivyo vyote. Mwanafunzi, ama mtoto ambaye alifundishwa na mwanafunzi wangu. Hujasikia?"

"Sijasikia. Lakini sijui."

"Wakati huo ndivyo tulivyofanya. Mimi mwenyewe nilinusa. Kichwa kilikuwa kinaniuma jioni, nikidhani ni jua." Alikisukuma kikombe chake kando. "Hao waliocheka, kuna waliosomea kitabu hicho. Mukhisa alikisomea. Miaka yote hiyo walikinunua tu. Hakuna hata mmoja aliyekuja hapa kuniambia, Mwalimu, hapa ulikosea. Ningerekebisha. Ningeandika upya kwa mkono."

Nasike alifungua mkoba wake, akatoa karatasi zilizobanwa pamoja, somo jipya la dawa za mimea ambalo yeye na wenzake walikuwa wamelimaliza. Alikuwa amelibeba amwonyeshe Ngari. Akalisukuma mezani.

"Hii ndiyo tuliweka badala yake. Tuliitoa kwa walimu wa nchi nyingine, tukaigeuza iwe ya huku. Nyanya za huku, dawa za huku."

Mzee aliipeleka karibu na miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha mtihani.

"Na hawa walimu mliwalipa?"

"Hapana. Wameitoa bure."

"Na wakiwa wamekosea?"

"Tunarekebisha. Hakuna kuomba ruhusa. Jina lao linabaki, letu tunaliandika chini yao, na mtu mwingine akiona tumekosea anarekebisha letu."

"Bila kuchekwa?"

Nasike aliinamisha kichwa. "Inafaa iwe bila kuchekwa, Baba."

Mzee aliendelea kusoma. Hakusema ni nzuri. Alipofika mwisho alizikunja karatasi, akazitia katika mfuko wa ndani wa koti, na hakuuliza kama anaachiwa. Kisha, bila kuinua sauti, akasema maneno ambayo hayakumlenga Nasike.

"Mgeni wangu ameniambia usoni. Mtoto wangu nikamuuliza kwa meza yangu, akaniambia hakumbuki."

Mzee aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka kwenda kuketi kwenye benchi la barazani, mgongo ukiwa umewaelekea.

Nasike alipoaga, Mama Kabura alimrudishia kikapu. Ndani aliweka mukimo uliofungwa kwa majani ya ndizi. "Ni wa njiani," akasema, na macho yake yakapita pembeni ya uso wa Nasike. "Huko kwenu watauliza ulikula nini."

Ngari alimsindikiza mpaka langoni. Hawakushikana mikono. Mvua ya alasiri ilikuwa inajikusanya upande wa mlima, na upepo uliyalaza mahindi ukayainua tena.

"Nitakuja Kamukuywa Jumamosi," akasema. "Nizungumze na watu wako vile tulipanga."

"Usije."

"Nasike."

"Si kwamba sikutaki." Ilibidi asimame ili aweze kulisema. "Ningekuwa sikutaki ningekuwa nimeenda zamani. Lakini utaenda kusimama mbele ya babangu useme wewe ni mtoto wa nani? Utamtaja huyo mzee ama utaangalia chini? Mimi siwezi kuolewa na mtu ambaye ataniacha kwa ukumbi watu wakinicheka, ati anaogopa kujulikana ni wangu."

"Hiyo singekufanyia."

"Umemfanyia yeye."

Ngari alishika nguzo ya lango. Machozi yalikuwa yamemfika, na safari hii hakutafuta utani wa kuyafunika.

"Nimwambie nini?" akauliza.

"Vile uliniambia kwa ghala. Mpaka ile ya mooo. Mpaka vile ulicheka."

"Itamuua."

"Hajauawa na yangu."

Nasike alimwacha pale, akavuka mpaka upande wa pili wa barabara, mahali magari ya kutoka Kitale husimama. Alijiapia kwamba hatageuka. Aliviangalia viatu vyake, akaangalia kikapu, akawaza jinsi Mama Kabura atakavyosimulia habari zake kwa yule msichana wa kanisani, na uso ukamwaka upya. Kisha akageuka.

Kutoka pale ua ulikuwa mfupi na baraza ilionekana yote. Mzee alikuwa bado benchini. Ngari alikuwa mbele yake, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, na alikuwa anazungumza. Alizungumza, akanyamaza, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaendelea. Mzee hakumwambia aketi. Hakuinua kichwa hata mara moja.

Gari la Kamukuywa lilifika, likasimama. Kondakta akafungua mlango. "Dada, unaenda? Nafasi ni moja tu, na mvua inakuja."

Nasike alitazama ile nafasi, akatazama baraza. Ngari alikuwa bado amesimama.

"Nendeni tu," akasema. "Mimi bado nangoja mtu."